Mheshimiwa Tarehe Nyingine

Mtaani tulimwita Tarehe, maana kortini hakuwa na neno jingine. Kwa miaka kumi na moja alimtetea shangazi yangu, fundi cherehani, ambaye jirani yake muuza mbao alijenga ukuta katikati ya ua wake na kumeza nusu ya kiwanja, choo kikiwemo. Kesi ikitajwa, Tarehe aliinuka, akavuta mabega ya joho, akakohoa.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba tarehe nyingine."

Mara faili halionekani, mara shahidi anaumwa, mara yeye mwenyewe ana jino. Shahidi alipokufa kweli, Tarehe aliomba tarehe ili aende kumzika. Joho lilipochanika mabegani kwa kuvutwa, shangazi ndiye aliyelishona.

Kisha akagombea ubunge. Aliahidi sheria: kesi ya ardhi isizidi miaka miwili. Shangazi akamzungukia nyumba kwa nyumba kumwombea kura.

"Shangazi, huyu huyu?" nikamuuliza.

"Kule bungeni hakuna hakimu wa kumpa tarehe."

Tarehe akapita. Miaka minne alikaa akinenepa na kugonga meza wenzake wakisema. Mwaka wa tano, hoja yake ikapangiwa siku. Shangazi alifunga cherehani, akavaa gauni lake la kwendea harusi, tukaketi roshani ya wageni. Mawaziri, ambao hawakuitaka, walikuwa wamekunja nyuso, kwani wabunge wa kuipitisha walitosha. Spika akamwita. Tarehe akainuka, akavuta mabega ya joho ambalo hakulivaa, akakohoa.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba tarehe nyingine."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Waziri mmoja hakucheka. Aliruka kama aliyeumwa na siafu, akasema, "Naafiki." Spika akagonga nyundo. Wiki ile bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, na hoja ikafa nalo.

Alitukuta kwenye korido, jasho linamtoka.

"Mama, ulimi umeteleza."

"Haujateleza, mwanangu. Umepita njia yake ya kila siku. Nipe faili langu."

Jumatatu shangazi alisimama kortini peke yake, na hati yake, na picha ya ua kabla ya ukuta. Hakimu aliuliza maswali matatu. Muuza mbao aliombwa hati, akatoa risiti za mbao. Kesi ikaisha watu hawajaenda kunywa chai ya saa nne, na kufika Ijumaa ukuta ulikuwa kifusi.

Kampeni zilipoanza, Tarehe alikuja na mabango mapya: AMEMALIZA KESI YA MIAKA KUMI NA SITA. Alikanyaga kile kifusi hadi mlangoni, tabasamu limefika masikioni.

"Mama, kura yako si ninayo?"

Shangazi hakusimamisha cherehani.

"Naitafuta, wakili. Faili halionekani."

"Sasa nije lini?"

Akakata uzi kwa meno.

"Nitakupa tarehe."