Degedege la Lori

Enzi za Mwingereza, hakuna dereva pale Same aliyechekwa kama Zebedayo. Lori lake lilipanda milima bila taabu, lakini likisimama tu, injini ikiwa inawaka, lilitetemeka mpaka kuku wa abiria wakapiga kelele.

"Lina degedege hilo," alisema Mama Justa, muuza ndizi. "Lipeleke likachanjwe!"

Zebedayo alikwisha kubadilisha plagi zote, wapi! Kwa hasira akafunua boneti, akatega sikio. Ssss! Sauti hiyo aliijua tangu utotoni. Mivukuto ya kupulizia moto ya baba yake, mhunzi wa Ugweno, ililia hivyo ngozi ikitoboka, na moto ukayumba.

"Mjinga wewe, kumbe unavuta hewa kupitia ubavuni!" aliliambia lori.

Akadondosha oili kwenye kiungo chini ya kabureta, ikaziba ufa kwa muda, mtetemo ukapungua. Akazima, akafungua, akakuta gasketi, kipande cha kuziba kiungo hicho, imepasuka. Akakata nyingine ya ngozi ya mbuzi, akakaza nati, akawasha.

Safari hii halikutetemeka wala kupiga kelele.

"Pole, baba," alisema Mama Justa. "Sasa limekufa kabisa."

"Weka mkono hapa."

Akagusa boneti, akaruka nyuma. "Yesu wangu! Linapumua!"

"Panda basi, mama. Au tukalichanje kwanza?"