Nyuzi Nilizozika Mlangoni

Kila alasiri, joto likishapungua, mimi hukaa mbele ya jiko la udongo na kuwafundisha wageni kuharibu mkate. Kwenye ubao wa kambi nimeandikwa baada ya kufunga kilemba na kabla ya kupanda ngamia kwenda kutazama machweo. Wanakuja, wanachuchumaa, wanashika donge la unga wa uwele, linawapasukia mikononi, wanacheka, wanapigana picha, wanaondoka. Mkate nabaki nao mimi. Hakuna anayekuja kujifunza, na mimi sifundishi. Tunadanganyana kwa adabu tu.

Msimu huu alikuwepo mmoja tu aliyerudi siku ya pili na ya tatu. Anaitwa Nalini, mwanamke wa rika langu, mstaafu wa benki kutoka mji wa Pune, amekuja peke yake. Mikate yake ilikuwa na sura ya ramani.

"Huu tumpe ngamia," nilimwambia.

"Ngamia amekukosea nini, dada?" akajibu, akaula mwenyewe, na samli ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Wenzake walikuwa wamekwenda kwenye pikipiki za magurudumu manne. Yeye alibaki akinisaidia kuzima moto, na hakuuliza maswali mengi. Nilimpenda kwa hilo.

Zamani nyumba yetu haikujulikana kwa mikate. Sisi ni waimbaji. Marehemu mume wangu, Barkat, alipiga zeze lenye nyuzi za utumbo wa mbuzi, na mimi niliimba na wanawake ndani, mtoto akishazaliwa. Hatukumwimbia kila mpita njia. Kwetu kila nyumba ya waimbaji ina nyumba yake ya kuiimbia, tunaiita jajmani, na jajmani wetu ni ukoo wa mzee Takhat Singh. Sisi Waislamu, wao Wahindu, wala hakuna aliyeona ajabu. Wakioa tunaimba, wakizaa tunaimba, wakifa tunayataja majina ya baba zao wote hadi yule aliyechimba kisima cha kwanza kwenye mchanga huu. Nao walitupa ngano na mbuzi, na zaidi ya hapo walijua ni mtoto wetu yupi anakohoa. Mtu aliyekuwa na jajmani hakuwa peke yake duniani.

Sasa Takhat Singh hayupo, Barkat hayupo. Mwanangu anauza vioo vya simu mjini Surat na hawezi kuimba hata akiwa bafuni. Jajmani wangu aliyebaki ni mjukuu wa mzee, Bhupendra, ambaye sote tunamwita Banna, kama wanavyoitwa vijana wa kwao. Yeye ndiye aliyezigeuza ardhi za babu yake kuwa kambi ya mahema yenye viyoyozi, na yeye ndiye aliyeniweka jikoni. "Mama, usikae bure nyumbani," aliniambia. Ni mtu mwema. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mbaya unajua pa kumshikia.

Habari ya mtoto aliniletea Ramju, mwenye ngamia, rafiki wa Barkat tangu wakiwa hawana meno ya mbele.

"Shemeji, kohoa usafishe koo. Jajmani wako kapata mtoto huko mjini Jodhpur."

"Wa kiume au wa kike?"

"Nimeambiwa ana sauti. Hayo mengine utajionea ukiitwa."

Ukiitwa. Kwa desturi, siku mtoto anapotolewa nje kuonyeshwa jua mara ya kwanza, mwimbaji wa nyumba anasimama mlangoni na kuliweka jina lake mwishoni mwa majina ya wazee. Asipoimbwa siku hiyo, kwetu sisi mtoto huyo si wa mtu. Na mimi nisipoitwa, sina nyumba tena. Sikuwa na kingine cha kungojea. Nikalianika shali langu la harusi, nikaacha kula pilipili ili sauti isikwaruze, na kila simu ilipolia kambini nilinyanyua kichwa. Wiki zikapita. Nilijiambia mama mtoto hajapata nguvu, nikajiambia barabara ni mbovu. Barabara ya Jodhpur ni nzuri kuliko sakafu ya nyumba yangu.

Kisha siku moja gari la Banna likasimama mbele ya mapokezi, na vijana wakateremsha kitanda cha bembea cha mtoto. Nilikijua kile kitanda. Ni cha mti uliochongwa kasuku pembeni, na mimi nilikibembeza Banna akiwa ndani yake, mwekundu, mwenye hasira. Banna akaja hadi jikoni kwangu, akaniinamia kama alivyofundishwa.

"Mama Sugra, leo jioni tunakuhitaji. Ule wimbo wa mtoto mchanga, unaukumbuka?"

"Unaniuliza kama nakumbuka kula?"

Akacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya hema la stoo nikalia kidogo, kisha nikanawa, nikavaa shali. Nalini, ambaye siku hizo alikuwa kambini, alinisaidia kulibana kwa pini nyuma. "Umependeza, dada," akasema. "Unakwenda harusini?"

"Nakwenda kazini kwangu," nikamwambia.

Jua lilikuwa bado halijazama. Kwenye uwanja wa ngoma walikuwa wametandika zulia, wamewasha taa za rangi, na kitanda kile kiko katikati, kimefungwa maua. Wageni wamepanga foleni. Karibu na kitanda kuna ubao mpya umeandikwa kwamba hapa unaweza kumbembeza mtoto wa mfalme wa jangwani na kupigwa picha. Nikasogea, nikafunua shela. Ndani alilala mdoli wa plastiki amevaa kilemba.

"Banna," nikasema, "mtoto yuko wapi?"

"Yuko Jodhpur na mama yake. Mavumbi haya hayamfai. Ni wa kike, mama, nilikuambia? Tunamwita Tanisha."

"Na jua ataonyeshwa lini?"

"Ah, lile tulishafanya. Wiki iliyopita, kwenye baraza ya nyumba." Akanishika bega, macho yakimng'aa kwa kunifurahisha. "Sikutaka kukusumbua na safari. Tulipiga ile rekodi ya marehemu mzee Barkat, ya harusi yangu. Kwa spika kubwa. Watu walilia. Ni sauti ya nyumba yenu ileile, si ndiyo?"

Rekodi ile naijua mwanzo hadi mwisho. Barkat anaanza na mchimba kisima, anashuka na baba zao wote, na anaishia kwa Bhupendra, maana siku hiyo hakukuwa na mwingine.

"Basi umeimbwa wewe mara ya pili," nikamwambia. "Mwanao hakuimbwa."

"Mama, ni mila tu, tutamwimbia siku yoyote. Anza basi, wageni wanangoja."

Mgeni mmoja, kijana mwenye kofia, alikwishakishika kitanda na kuanza kukisukuma. Kitanda kitupu hakibembezwi. Mtoto yeyote kwetu anajua, ukibembeza kitanda kisicho na mtu unamtakia mwenye kitanda kifo. Nilikishika kwa mikono yote miwili kikasimama, na yule kijana akarudi nyuma akidhani ni sehemu ya mchezo. Wakapiga makofi. Nikamwangalia Banna, nikaona anacheka nao. Sikuimba. Nikautoa mdoli, nikauweka juu ya zulia, nikaenda zangu.

Kwetu mwimbaji ana haki ya kumpa jajmani wake talaka. Ndiyo, mwimbaji kumtaliki bwana. Anang'oa nyuzi za zeze lake, anazizika mbele ya mlango wa jajmani, anavua kilemba, anaondoka bila kugeuka. Baba mkwe wangu aliwahi kufanya hivyo, alipowekwa kula baada ya mbwa wa nyumba kwenye sherehe fulani. Hakuna mwimbaji mwingine angekanyaga mlango ule, na hakuna Rajputi, yaani mtu wa tabaka lao, angempeleka binti yake kuolewa pale. Kabla ya magharibi baba yake Takhat Singh alitoka peku, akapiga magoti mbele ya watu, akazifukua nyuzi kwa vidole vyake mwenyewe. Anayefukua ndiye anayesema, wewe bado ni wangu. Baba mkwe alikuwa akisimulia hayo hadi anakufa, na kila mara alikuwa akilia mahali palepale.

Ni kazi ya wanaume, lakini wanaume waimbaji wa nyumba yangu wamekwisha. Kesho yake alasiri nilishusha zeze msumarini, nikang'oa nyuzi, nikachukua na kilemba cha Barkat. Mbele ya hema la mapokezi nikachuchumaa, nikachimba kwa mkono. Mchanga wa kule juu ni wa moto, wa chini ni baridi. Nikaziweka nyuzi, nikazifukia. Nikakivaa kilemba, mimi mwanamke, kisha nikakivua mbele ya watu wote.

Watu wote wenyewe walikuwa wageni. Waliacha mizigo yao, wakatoa simu. Banna akatoka.

"Mama, hii nini tena?"

"Nakupa talaka, Banna. Mimi na nyumba yako basi."

Nilisema polepole asije akakosa kusikia. Alinitazama, kisha akawatazama wageni waliokuwa wakitazama kwa raha, simu juu, na nikaona uso wake ukifunguka kwa furaha ya kweli.

"Hii nzuri sana," akasema. "Kwa nini hukuniambia kama mna hii? Unaweza kuifanya kila Jumamosi? Tungetafuta tu mtu wa kupiga ngoma nyuma."

"Babu yako angelikuwa amepiga magoti sasa hivi."

"Na magoti nitapiga, mama, tupange tu. Subiri, napigiwa simu." Pikipiki moja ilikuwa imezama kwenye mchanga nyuma ya matuta, na mgeni juu yake anapiga kelele. Banna akanigusa miguu kwa heshima, haraka haraka, akakimbilia huko. Wageni wakapiga makofi wakaingia ndani kunywa juisi.

Aliyebaki ni Ramju, kamba ya ngamia mkononi. Aliangalia pale nilipofukia, akageuza uso.

"Umefanya kweli, shemeji?"

"Nimefanya."

"Na yeye hajui?"

"Hajui."

Ramju ni mtu asiyekosa neno la kutania. Mara hii alimwinua ngamia wake wakaondoka. Nikashika njia ya kwenda barabarani na kilemba kwapani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira ya Banna, kwa machozi yake, hata kwa kufukuzwa. Sikuwa nimejiandaa kwa kutokuonekana. Humwachi mtu asiyejua kama mlikuwa pamoja. Nilijisikia mjinga, mzee, na mpweke kuliko siku niliyomzika Barkat, maana siku ile angalau kila mtu alijua kilichotokea.

Karibu na lango nikasikia mtu anahema nyuma.

"Dada. Dada, subiri."

Alikuwa Nalini. Amevua viatu kwa sababu ya mchanga, amevishika mkono mmoja, na mkono mwingine umekunja leso. Gari la kuwarudisha wageni stesheni lilikuwa limekwishawasha injini, na mzigo wake uko juu.

"Umesahau hizi," akasema. "Zilikuwa za mumeo, si ndiyo? Watu walikuwa wanapita juu yake."

Akafungua leso. Nyuzi zilikuwa zimejikunja ndani.

"Umezifukua wewe?"

"Ndiyo. Nimekosea?"

Nikaviangalia vidole vyake. Kucha zilijaa mchanga. Miguu yake ilikuwa peku, na magoti ya suruali yake yana alama mbili za duara. Nilikaa palepale njiani, nikalia kwa sauti, na yeye akakaa karibu yangu bila kuuliza, kama alivyokuwa akikaa jikoni. Baadaye swali likanitoka lenyewe, lile la kwanza tunalouliza nyumba mpya.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Mama yangu? Sushila."

"Na mama yake?"

"Godavari."

"Na aliyemzaa huyo?"

Akafikiri. Dereva akapiga honi.

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Watoto?"

"Sina." Akajigusa kifuani. "Ukoo unaishia hapa."

Nikasimama, nikaufunga mtandio vizuri, nikaimba. Nilianza na Godavari, nikashuka kwa Sushila, nikafika kwa Nalini, na nikakuta nimemaliza kabla sauti haijapata joto. Majina ya jajmani wa zamani yalinichukua hadi chai ipoe. Nalini alikuwa ameshika mdomo kwa leso yenye mchanga.

"Ni hayo tu?" akauliza.

"Ni hayo tu uliyonipa."

Dereva akapiga honi tena, naye akainuka akaenda kupanda, viatu bado mkononi. Alinipungia mkono kupitia kioo cha nyuma hadi vumbi likaziba.

Njia nzima kwenda nyumbani niliyarudia majina yale, nisije nikayasahau, Godavari, Sushila, Nalini. Nilipofika nilizipangusa nyuzi mchanga na kuzifunga tena kwenye zeze. Kulipiga sijui. Nilizifunga tu.