Nyama ya Ijumaa

Kwa sheria ya mfalme wa Ufaransa, Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa nchi hiyo, walikuwa hawapo tena. Ajabu ni kwamba askari wake walishinda wakipanda na kushuka milima ya Sevenne kuwatafuta hao wasiokuwapo.

Marthe Combal, mjane mwenye ulimi wa upupu, alikuwapo sana. Tena kila Ijumaa, siku ambayo Wakatoliki hawagusi nyama, yeye alitumbukiza kipande cha nguruwe kwenye supu ya kabichi. Hata kiwe kidogo kama ukucha, sharti kiwemo. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia.

Ijumaa ile mazoea yalimponza. Mgeni wake alikuwa Élie Vialaret, mchungaji aliyetafutwa anyongwe, naye alijifanya mchukuzi wa nyumbu, Mkatoliki wa mbali. Jumapili angehubiri kwa siri bondeni. Marthe alikuwa ndiyo kwanza amempakulia bakuli, mvua ikaleta askari watatu na sajini wao.

Sajini alinusa kabla ya kusalimu. Akachungulia bakuli, akatabasamu kama paka aliyekuta jiko wazi. Kama mgeni ni Mkatoliki kweli, alisema, atalisukuma bakuli lile kando. Akila, basi wamempata mtu wao.

Marthe alimjua Élie: mkutano uliopita aliwakaripia walioingia kanisa la mfalme kwa hofu. Mtu huyo hangeikana imani yake hata kwa kukataa kijiko cha supu. Na kweli, Élie alikwishashika kijiko.

Marthe akalipokonya bakuli.

"Tangu asubuhi unanimalizia mkate, sasa unataka na nyama ya wazushi? Humu ndani Mhugenoti ni mimi. Ya kwangu hii."

Akakitia kile kipande mdomoni, akakitafuna amesimama, macho kwa sajini. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu. Sajini, na ukali wake wote, ikambidi asubiri mama ameze.

Élie alifumbua kinywa. Marthe akamkanyaga kwa kiatu chake cha mti.

"Wewe nyamaza. Wanyama wako wanakungoja, na wale ni wakaidi. Usipowaongoza Jumapili, hawaendi popote."

Sajini alikwishapata Mhugenoti wake, hakumzuia mchukuzi wa nyumbu. Élie akainama, akachukua kofia yake, akatoka nje mvuani.

Marthe walimfunga mikono. Walipofika darajani sajini alianza kuona haya. Kumpeleka mwanamke mwenye mvi kwenye mnara wa gereza wa kinamasini, ambako wanawake wenziwe wa Kihugenoti walizeekea, si sifa ya kusimulia kambini. Akamnong'oneza kwamba neno moja tu linatosha. Aseme amerudi kanisani kwa mfalme, atamfungua papo hapo, akalale kwake.

"Mwanangu," Marthe alimjibu, "mtu hurudi alikotoka. Mimi huko sijawahi kukaa hata kwa bakuli la supu."

Sajini akasema shauri yake, akampeleka mnarani.

Jumapili bondeni walikuja wengi kuliko siku zote. Élie alisimama mbele yao, akataja jina la Marthe. Kabla hajaendelea wakaanza zaburi wenyewe, wale wakaidi, kwa sauti kubwa kupita busara yoyote.