Kibao cha Reid

Nyota njema huonekana asubuhi, walisema watu. Verna Hrynkiw, aliyeendesha mashine ya kulainisha barafu ya uwanja wa hoki pale Kessock miaka thelathini, alisema nyota inayoonekana asubuhi ndiyo iliyo njiani kufifia.

Mjukuu wake Reid alikuwa na miaka kumi na minne na mabao sabini na mawili msimu ule. Kamati ya klabu ya hoki ya barafuni ikamsimamishia kibao mlangoni mwa mji: KESSOCK, NYUMBANI KWA REID HRYNKIW. Miji jirani huwapa heshima hiyo wachezaji waliokwisha kustaafu.

"Sisi tumewatangulia," alijigamba mwenyekiti, Lorne Pidskalny.

Tangu hapo Reid akawa hali kitu siku ya mechi, na akila anatapika. Verna alimkuta chooni, amejikunyata na viatu vyake vya barafu miguuni.

"Bibi, nikicheza vibaya watakifanyaje kile kibao?"

Jumamosi, mchana kweupe, Verna alichukua msumeno, akakata nguzo zote mbili, akakitupia kibao nyuma ya pikapu yake. Madereva walipiga honi. Hakugeuka.

Lorne alimvamia kantini ya uwanjani saa moja kabla ya mechi.

"Mama Verna, umerukwa na akili? Yule mtoto ni gwiji!"

"Gwiji? Kazaliwa Januari, Lorne, na timu hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa. Anawasukuma watoto wa Desemba aliowazidi karibu mwaka mzima. Hata wewe ulikuwa jitu ukiwa na umri wake, na leo unauza matairi."

Foleni nzima iliangua kicheko.

"Kwa hiyo hana kitu?"

"Sijasema hivyo. Sijui, na wewe hujui. Akifika ishirini tutazungumza."

Mlango ukafunguka, Reid akaingia na begi lake begani, mashavu mekundu kwa baridi.

"Bibi, nimeona visiki vya nguzo kule barabarani!" Alicheka hadi akalazimika kuegemea ukuta. "Chipsi zipo? Njaa inaniuma."

Verna alishusha pumzi ndefu. Akamwagizia chipsi za mchuzi na jibini, sahani kubwa. Mtoto alizifagia zote, akapangusa kidevu kwa mkono wa koti, akaenda kuvaa huku anapiga mluzi.

Lorne alisubiri mlango ufungwe.

"Jumatatu utasimama mbele ya kamati uombe radhi."

"Nitasimama," alisema Verna. "Radhi siombi."