Wa Mwisho Kuweka Simu Chini

Mwaka 1934, mashambani Nebraska, nyumba tisa zilitumia waya mmoja wa simu. Kusikiliza ya mwenzako ilikuwa dhambi, tena tamu. Mjane Hulda Friis alikuwa ameweka kiti chini ya simu yake ya ukutani, na juu ya kiti, mto.

Jumanne asubuhi kengele ikalia, mlio usio wa nyumba yake. Hulda akaacha unga wa mkate, akanyanyua mkono wa simu polepole.

"Daktari, ni Dagny Holm! Elna wangu anakohoa kama mbwa anayebweka. Hapumui vizuri!"

"Sema kwa nguvu, mama. Nani hapumui?"

Hulda alijua sababu, kama walivyojua wote: kila anayenyanyua simu anapunguza sauti. Wakisikiliza wanane, msemaji anabaki mbu ndani ya chupa.

"Majirani, wekeni chini!" Dagny akalia. "Jumapili nitawasimulia yote, hata rangi ya makamasi!"

Ka. Ka. Hulda akahesabu saba. Akajiambia, mtu mmoja si kitu. Tena asipojua ugonjwa, atasaidiaje?

"Bado sikusikii vizuri," daktari akasema.

"Bibi Hulda." Sasa Dagny hakupiga kelele. "Nakusikia unavyohema. Mwanangu hawezi, wewe unahema vizuri sana."

Hulda akaweka chini kama aliyeshika kaa la moto. Masikio yalimwaka. Je, daktari alisikia? Mara mbili mkono wake ukapanda kuelekea simu, mara mbili akaukalia. Unga ukafura, ukamwagika mezani. Hakuugusa.

Saa nane mchana akavaa kofia, akatembea maili mbili. Dagny akafungua mlango, macho mekundu.

"Yu hai. Daktari amewahi, amemwekea mvuke, amelala." Akamtazama viatu vyenye vumbi. "Leo umekuja kwa miguu, bibi? Na simu yako nzima kabisa."

Hulda, mwenye habari za nyumba tisa, akainama kufuta vumbi viatuni.

"Basi nenda kawaambie wenzako yote, hata la aliyeng'ang'ania simu," Dagny akasema. "Kwa mdomo, mlango kwa mlango."

Akaenda. Kila nyumba walishukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, kisha wakauliza, "Na nani huyo aliyeng'ang'ania? Maana sisi tuliweka chini wa kwanza."

Nyumba saba, na zote saba ziliweka chini za kwanza.

"Ni mimi," Hulda akajibu, mara saba, na hata ya saba haikuwa nyepesi.