Uhai Uliotokea Kwenye Trei za Profesa Dimbwi

Wanafunzi walimwita Profesa Dimbwi, na yeye akajitia hamnazo. Ukweli ni kwamba alilijua jina hilo tangu lilipozuka, na siku nyingine, akijifunga tai mbele ya kioo, alilitamka kwa sauti aone kama linamkaa. Lilimkaa vizuri kuliko tai. Mtu aliyetumia umri wake wote kuwaambia watu kwamba uhai ulianzia kwenye dimbwi, angeitwaje?

Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake, ingawa neno imani alilipiga marufuku darasani. Alifundisha hivi: zamani mno, kabla hakujawa na mdudu wala jani, palikuwa na vidimbwi juu ya mawe ya moto. Jua linavikausha, mvua inavijaza, jua linavikausha tena. Kila maji yanapokauka, vile vitu visivyo na uhai vilivyomo ndani vinasongamana, vinashikana, vinaungana kuwa minyororo. Minyororo ikirefuka vya kutosha, inaanza kujinakili. Na kitu kinachojinakili, alisema Dimbwi huku akinyoosha kidole, kiko njiani kuwa mimi na wewe.

Ng'ambo ya barabara ya chuo, kwenye jengo jipya lenye lifti, walikaa wapinzani wake. Hao walishikilia kwamba uhai ulianzia gizani, chini kabisa ya bahari, kwenye matundu yanayotema maji ya moto yenye madini, na kwamba dimbwi la Profesa lingeunguzwa na jua kabla halijazaa hata povu. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mtaratibu ambaye Dimbwi alimbandika jina la Bibi Kilindi. Mama huyo hakuwahi kumbandika Dimbwi jina lolote, na hilo lilimuudhi kuliko hoja zake zote.

Mambo haya yangebaki kuwa ubishi wa wasomi, usiovunja chungu cha mtu, kama si binti yake. Binti huyo alikulia kwenye maabara ya baba. Alisomea kemia, akawa msaidizi wake, wakafanya kazi bega kwa bega. Halafu siku moja akamwambia, kwa adabu zote, kwamba hoja za matundu zimemwingia, na kwamba amepata kazi ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya kusoma vinasaba. Dimbwi alimjibu kwamba mtu mzima huenda anakotaka. Kisha akakaa karibu miaka miwili bila kumwita mwanangu. Alimwita "mtaalamu". Binti akija nyumbani, Dimbwi aliitikia shikamoo kwa sababu shikamoo haikataliwi, halafu akaingia chumbani kusoma gazeti la juzi.

"Umemnunia mtoto kwa ajili ya maji ya moto," mkewe alimwambia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakupenda hesabu zisizofika kwenye jibu.

"Sijanuna. Ni tofauti ya kitaaluma."

"Basi wewe na tofauti yako njooni mle, chakula kinapoa."

Ndipo bahati ikamwangukia. Katika chumba cha mwisho cha maabara yake, ghorofa ya chini, Dimbwi alikuwa na rafu zilizojaa trei za kioo. Ndani ya kila trei aliweka mawe bapa, udongo na chumvi za aina zake, na chini yake sahani ya umeme ya kupasha joto. Asubuhi anadondosha maji, mchana anayakausha, jioni anadondosha tena. Trei moja aliiacha na mawe na maji matupu, kwa ajili ya kulinganisha, akaifunika na kuiweka kwenye kona. Kila mwezi alianza trei mpya na kuiandika mwezi wake, na miezi mingi ikapita. Alipopima, ile trei ya kona haikuwa na kitu, na nyingine zote zilikuwa na minyororo mirefu ambayo hakuna mwenye dimbwi aliyewahi kuipata. Kipimo chake kilijua urefu tu, hakikujua kusoma kilichoandikwa ndani, lakini Dimbwi hakuwa na shaka. Alimpigia simu kila mtu aliyewahi kumbishia, wakiwemo wawili waliokwisha kustaafu.

Chuo kikaandaa mdahalo mkubwa. Pande zote zikakubaliana kwamba ushahidi usomwe na mashine moja, ile ya ng'ambo ya barabara, na majibu yafunguliwe ukumbini mbele ya watu wote. Wazo hilo lilikuwa la Dimbwi mwenyewe. "Nisomewe na mahasimu wangu," alisema, "ili mtu asije akasema nimejipendelea." Alizibeba sampuli kwa mkono wake, akavuka barabara kifua mbele, magari yakamsubiri. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia akiwa amechomekea.

Mchana wa siku iliyotangulia mdahalo, binti alikuja nyumbani bila kupiga simu. Mama yake alikuwa bado shuleni. Dimbwi alikuwa sebuleni akilihutubia kabati la vyombo.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mtaalamu. Mama yako hayupo."

"Nimekuja kwako. Majibu ya trei zako yametoka."

Dimbwi akaketi, akaweka mikono magotini kama mtu anayengoja kupigwa picha. "Minyororo ni mirefu kweli?"

"Mirefu mno. Hilo ndilo tatizo. Baba, ni ya mtu."

"Mtu yupi?"

"Binadamu. Pamoja na bakteria wa mdomoni."

Dimbwi akasimama. Alisema mashine yao ni chafu. Alisema jengo lao halina hewa. Alisema kuna mtu kule amepiga chafya, na kama si chafya ni hujuma. Binti alimwacha amalize, kwa maana alimjua: baba yake alikuwa kama sufuria, ukiondoa kifuniko mapema inafurika.

"Na sisi wa mashine tulidhani ni mmoja wetu," akasema. "Kwetu kila anayefanya kazi anaacha mate yake ghalani, ili yakidondokea sampuli ya mtu ajulikane mara moja. Nimelinganisha wote. Si wetu hata mmoja. Ila mashine imetoa neno kuhusu mate yangu mimi."

"Neno gani?"

"Kwamba mwenye trei ni mzazi wangu. Wa kiume."

Wazo la kwanza lililomjia Dimbwi halikuwa la kujivunia. Aliwaza kwamba, kwa kuwa nusu ya vinasaba vya binti ni vyake, huenda kuna namna ya kumtupia binti nusu ya kosa. Alifungua hata mdomo.

"Baba," binti akasema.

Akaufunga. Alikwisha kuelewa. Kwenye maabara hakuvaa barakoa, kwa sababu barakoa ilimfifishia sauti, na sauti aliihitaji. Kila asubuhi alizoea kuziinamia zile trei na kufanyia mazoezi hoja zake, akimjibu Bibi Kilindi, akimkatiza, akimshinda. Wala haikuwa siri kwamba Dimbwi akikolea alirusha mate. Wanafunzi wake walikaa kuanzia mstari wa tatu, na yeye siku zote alidhani ni heshima. Ile trei ya kona hakuwahi kuisemesha hata neno. Nani anahutubia trei tupu? Na zile wiki alizolala nyumbani na homa, minyororo ilipogoma kukua, aliusingizia umeme.

"Bibi Kilindi anajua?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Bado. Yanafunguliwa kesho, kama mlivyokubaliana. Leo sitamwambia mtu, na kesho nikiulizwa sitadanganya. Nimeona tu usije ukayasikia pale mbele za watu." Akasimama, akachukua mkoba wake.

Dimbwi alitaka kumwambia asante. Alilipanga neno vizuri kichwani, akalifikisha hadi kwenye ulimi, na kilichotoka kilikuwa, "Funga geti."

Mkewe aliporudi alimsimulia yote. Mwalimu wa hesabu alicheka hadi akaketi sakafuni, halafu akautazama uso wa mumewe na kicheko kikaisha. "Utafanya nini?" akauliza.

"Naweza kuugua." Dimbwi akakohoa kidogo, kwa kujaribu.

"Usiongeze mate mengine."

Jioni yote hakula. Aibu ilikuwepo, na ilikuwa kubwa, lakini aliizoea aibu. Mtu hapati jina kama lake kwa kuogopa kuchekwa. Kilichomuuma ni kwamba mashine isiyo na mdomo ilikuwa imesema kwa wageni jambo ambalo yeye mwenye mdomo mpana vile alilikataa kwa miaka miwili, kwamba yule msichana ni wake. Na msichana mwenyewe, badala ya kumwacha aumbuke, alivuka barabara kuja kumwambia. Alikuwa na hamu na mwanawe. Alikuwa nayo muda wote ule, na alilijua hilo.

Ukumbi ulijaa siku ya pili, wengine wamesimama kwenye madirisha. Mwenyekiti wa mdahalo, mhadhiri wa sheria mwenye kengele, alikuwa ameshika bahasha ya majibu. Dimbwi aliomba azungumze kabla haijafunguliwa.

"Ndugu zangu," akasema, "mmealikwa kushuhudia mwanzo wa uhai. Ndiye huyu anayeongea. Amevaa tai."

Hawakuelewa, akawaelewesha. Aliwaeleza kuhusu mate, barakoa, trei ya kona na homa, hakubakiza kitu. "Miezi yote hiyo nimeyahubiria mawe," akasema. "Hayakuokoka. Yaliloa tu." Vicheko vilianzia mstari wa tatu, vikaenda nyuma, vikarudi mbele, na hata mhadhiri wa sheria akasahau kengele. Dimbwi akangoja watulie. "Hii haina maana kwamba uhai haukuanzia kwenye dimbwi. Maana yake ni kwamba haukuanzia kwenye langu. Na wenzangu wa matundu wasishangilie mapema, maana kosa langu halijawaongezea ushahidi hata chembe. Jana hatukujua, na leo hatujui. Tofauti ni kwamba leo mimi nimelowesha shati kwa jasho."

Bibi Kilindi hakucheka. Alisogeza kipaza sauti chake na kusema, kwa ule utaratibu wake, kwamba hata mitungi ya kwao ya kuigizia matundu ina watu wanaoiinamia, na kwamba ataomba isomwe upya yote kabla hajafungua mdomo tena kuhusu chanzo cha uhai. Dimbwi alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyegombana miaka mingi na mtu ambaye hakuwa akigombana naye.

Maswali yakafunguliwa. Mkono wa kwanza uliosimama ulikuwa wa binti yake, upande wa pili wa ukumbi, kati ya wenzake wa mashine.

"Swali langu ni la utaratibu," akasema. "Trei zote zina mate. Lakini ile ya mwezi wa pili, mwaka juzi, ina mate mengi kupita zote. Ni kitu gani kilifanyika tofauti?"

Lilikuwa swali zuri, swali la maabara, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuuliza hivyo. Angeweza kusema mafua. Dimbwi akashika ukingo wa meza.

"Mwezi ule msaidizi wangu aliondoka," akasema. "Chumba kikawa kimya. Mimi sikuzoea kukaa humo bila mtu wa kunibishia, nikaendelea kuongea kana kwamba yupo. Nilikuwa naiinamia trei ile tangu asubuhi hadi jioni, nagombana nayo."

"Ulikuwa unaiambia nini?" Binti akakohoa. "Nauliza kwa sababu maneno mengine hurusha mate kuliko mengine."

"Mwanzoni yalikuwa matusi," Dimbwi akasema. "Hayo yalimaliza wiki nzima." Watu wakacheka. Akangoja, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya kuhutubia. "Baada ya hapo nilikuwa namwambia binti yangu arudi. Hata akitaka kuja na matundu yake, aje nayo. Nilimwambia kila siku. Kwenye trei niliweza."

Vicheko vya mwisho vilikuwa bado vinaelea nyuma ya ukumbi, vikakatika. Binti alibaki amesimama. Alikisogeza kipaza sauti mdomoni, na spika za ukumbi zikakwaruza kidogo.

"Asante, Baba," akasema. "Nimejibiwa."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali jingine. Bibi Kilindi, ambaye alikuwa ameinua mkono mara tu baada ya binti, akaushusha taratibu.