Nyuma ya Mlima Mweupe

Kwa miaka minne Mama Eudocia alicheza gemu ya kompyuta bila kuua hata panya. Shujaa wake, jitu la mabega mapana lenye upanga mgongoni, alikuwa hajui hata kuuchomoa. Kazi yake kuzurura tu: mabondeni, mitoni, kwenye misitu ya majani ya buluu, akisimama kila hatua kumi kama mtalii aliyeachwa na basi. Mama mwenyewe, penseli mkononi, alichora. Ayacucho nzima, mji wa milimani kule Peru, ilimjua kwa retablo zake, yale masanduku ya milango miwili ambayo ndani yake alipanga watu na milima ya jasi na viazi vilivyopondwa.

Sasa wenye gemu walikuwa wametangaza: leo, saa kumi na mbili jioni, wanaizima moja kwa moja. Na kulikuwa na mlima mmoja mweupe, kaskazini kabisa, ambao Mama hajawahi kuona nyuma yake. Mbwamwitu wa njiani walishamla mara arobaini.

Saa kumi aliingia kwenye kibanda cha intaneti cha Wilber, akavua kofia, akachagua majani matatu mazima ya koka, mmea wa tambiko huko kwao, akayapulizia pumzi kuelekea skrini.

"Mama, tafadhali," Wilber akalalamika. "Kibodi hiyo bado inatapika majani ya juzi."

"Mlima haupandwi bila kuombwa ruhusa."

"Huo ni wa kwenye kompyuta!"

"Kwa hiyo usisalimiwe?"

Kwenye kompyuta ya pembeni alikuwepo Rusbel, mwanafunzi wa chuo, fundi wa kuua mazimwi na kufeli hesabu. "Mama, njoo vitani! Leo tunaangusha ngome. Au shujaa wako ana miadi na maua?"

"Ana miadi na mlima. Njoo unisindikize, kama hiyo misuli yako si ya kupigia picha."

Kibanda kizima kikacheka. Rusbel akaitazama ngome, akaitazama saa, akaguna. "Dakika ishirini tu."

Zikawa mia. Rusbel alifyeka mbwamwitu kushoto na kulia, Mama nyuma yake akishangaa kivuli kikitambaa juu ya theluji.

"Mama, kimbia!"

"Ngoja kwanza, haka kawingu..."

"Katakuua hako kawingu!"

Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili waliuzunguka mlima. Nyuma hapakuwa na kitu. Ulikuwa umejengwa upande mmoja tu, mtupu kama ganda la yai.

Rusbel akapiga meza. "Nimeacha vita kwa ajili ya ganda!"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, hata mimi sipaki rangi nyuma ya sanduku. Nani ataona? Haya, twende ndani."

"Ndani ya nini?"

"Ya mlima."

Wakaingia, na mlima ukatoweka. Kutoka ndani, mwamba haukuonekana kabisa. Ilibaki theluji ikielea hewani, na ng'ambo yake dunia nzima kwa mkupuo mmoja: mabonde aliyoyachora moja moja miaka minne, sasa yameshikana, mto uleule ukiyapitia yote, ngome ndogo kama punje ya mahindi, na vile vita vya watu, cheche mbili tatu tu. Hakuna aliyekusudia mtu asimame hapa. Huenda hata fundi aliyeujenga mlima hakuwahi kuona haya.

Mama Eudocia akaisogelea skrini. "Kumbe ni nchi moja," alinong'ona.



Penseli ikaanza kukimbia. Ilikuwa bado inakimbia saa kumi na mbili ilipogonga na skrini zote zikawa nyeusi. Mtu akatukana. Wilber akapitisha soda za kuwafariji wafiwa. Mama hakuinua kichwa. Nusu ya karatasi ilikuwa tupu.

"Rusbel, ule mto, baada ya ngome ulipinda kulia?"

Rusbel akafumba macho.

"Kushoto, mama. Halafu unagawanyika mara mbili. Hapana, tatu. Wewe chora, nitakwambia."